Awujo ya Baba na Risala ya Gavana

Freetown, Alhamisi, 8 Januari 1885
Gavana mpya anakuja! Kamati ya mapokezi itachagua mtu wa kumsomea risala gatini. Mtu huyo ni mimi. Baba yangu alibeba makreti kwenye gati lile mpaka mgongo ukapinda, na hakujua kusoma hata jina lake. Nataka nisimame pale pale na kofia yangu ndefu, nisome, mji mzima usikie. Nikiwaza tu, machozi yananilengalenga. Mke wangu Dorcas kasema niyafute, chakula kinapoa.

Jumanne, 20 Januari
Balaa. Binamu yangu Septimus, dalali wa mnada, naye anaitaka risala. Na sauti yake ile ya mbuzi! Hatusemezani tangu aliponinyang'anya kiti changu kanisani siku ya Pasaka.

Jumatatu, 16 Februari
Nimepata dawa. Nitamfanyia baba awujo, karamu ya wafu wetu, na kamati yote nitaialika. Mkono mtupu haulambwi. Dorcas kauliza kama karamu ni ya baba au ya kura. Nimemjibu kwamba baba hakuwa mchoyo, tutagawana. Kacheka mpaka kaketi.

Ijumaa, 10 Aprili
Wali, maharage, akara za kunde za kukaanga, kuku, vyote tayari. Shangazi Keturah, dada yake baba, kaniuliza kama kuna ugomvi katika ukoo, maana wafu hawali penye ugomvi. Nimesema hakuna. Septimus sijamwalika, atagombana na nani?

Jumamosi, 11 Aprili
Sijui nianzie wapi. Ua ulifurika. Shangazi akamwita baba, akarusha vipande vinne vya kokwa ya kola kando ya shimo la chakula cha wafu. Viwili vilitakiwa kutazama juu, ndiyo ishara kwamba wafu wamekubali. Vyote vikalala kifudifudi. Akarudia. Kifudifudi! Na wafu wasipokula, walio hai hawagusi sahani. Kamati ikaanza kunitazama vibaya. Nikasema kola zimekauka, ziletwe mbichi. Hizo nazo kifudifudi.

Shangazi akanigeukia. "Wewe, Septimus yuko wapi?"

Nikasema labda mwaliko umepotea njiani.

"Usinidanganye mimi. Mdanganye baba yako, huyo hapo shimoni."

Septimus akaitwa. Alifika upesi ajabu, ameoga na amevaa. Tukanywa maji ya kikombe kimoja, kisha Shangazi akataka kila mtu ampe mwenzake kitu kinachomuuma. Septimus akanirudishia kiti cha kanisani. Nikampa kuku. Kola zikakataa. Nikampa kuku wawili. Zikakataa. Njaa ikawauma watu, na mimi ikaniuma roho. Nikasema risala ni yake. Viwili juu, viwili chini! Wakala mpaka wakakwangua masufuria. Septimus alilia kwa furaha. Mimi pia nililia, si kwa furaha.

Jumatatu, 15 Juni
Gavana kafika na mvua. Septimus alisoma vizuri, lazima nikiri, ingawa kimbuzimbuzi. Katikati akainua macho kutoka kwenye karatasi, akamtaja baba yangu kwa jina, akasema mtu yule ndiye aliyekuwa akipokea meli hapa kabla ya kamati yoyote kuzaliwa. Nililia wazi mbele za watu, na Dorcas akanishika mkono. Jina la baba limesomwa pale pale alipoinamia makreti. Nilimkumbatia Septimus, nikaapa sitafanya tena hila maisha yangu yote.

Alhamisi, 31 Desemba
Jaji anastaafu! Kutakuwa na risala ya kumuaga, na Septimus keshaanza kukohoakohoa kusafisha koo. Nitaiwahi kamati kwa karamu nyingine. Safari hii awujo itakuwa ya mama mkwe. Ni kweli tuligombana mpaka siku aliyokata roho, lakini yule mama alikuwa anapenda kula, hawezi kuweka kinyongo.