Somo la Mvuke Mwezi wa Ramadhani

Jumatatu, 10 Machi. Chungu cha tisa cha mfungo.
Jibu la posa bado! Wazee wangu walipeleka barua kwa Mzee Mwinyimvua tangu Shaabani, kumposa binti yake Hajra. Lakini leo bahati: yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule, na Alhamisi atakuja kukaa darasani kwangu. Sayansi, Darasa la Sita, mada: mvuke kugeuka maji. Ataona mkwe aliyesoma! Nimeanza mazoezi kwa kioo, watoto wapulizie waone ukungu. Wamekataa. Jasmin kasema si adabu kumpulizia mtu pumzi ya saumu. Nikamwambia hiki ni kioo, si mtu. Akajibu kwamba nyuma ya kioo nimesimama mimi.

Jumanne, 11 Machi.
Mbinu mpya: chupa ya maji ya baridi sana, itoke jasho mbele ya watoto. Nimeinunua mchana kweupe, nikaibana kwapani. Jua kali! Nikaisogeza shavuni kidogo, kujipoza tu. Nani anatokea? Bi Ashatu, dada yake Mzee Mwinyimvua, na kapu lake la samaki. Kidevu changu kinachuruzika. Nikamwamkia shikamoo, akazikodolea macho ndevu zangu. Nikamweleza kwamba maji yametoka hewani, yamejikusanya nje ya chupa. Akaniuliza tangu lini hewa ya Bagamoyo inalowesha ndevu za wafungaji.

Jumatano, 12 Machi.
Mji mzima unaniita kobe, mla mchana kwa siri! Mimi! Hata Farhan, mwalimu wa Hisabati, ambaye naye anamtaka Hajra (hana haya!), kanipa pole huku anacheka. Kesho hakuna chupa. Nitachemsha maji ya bahari. Chumvi itabaki sufuriani, mvuke utapanda, utagusa mfuniko, utadondoka maji matamu. Nani atanishuku kunywa maji ya bahari?

Alhamisi, 13 Machi.
Somo lilikuwa zuri, wallahi. Mzee kakaa mbele, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikainua mfuniko: matone tele! Watoto wakasema ndivyo unavyodondoka mfuniko wa wali nyumbani. Safi kabisa! Kisha Jasmin (huyu mtoto!) akauliza watajuaje kwamba hayana chumvi. Nikagusa tone kwa kidole, nikalamba, nikatangaza: matamu!
Mzee akasema Astaghfirullah. Farhan, aliyekuwa akichungulia dirishani, akamwita Linda, mtoto wa Kikristo asiyefunga, aonje yeye. Mzee akamsifu Farhan kwa busara. Kobe niiteni, sijali. Namtaka Hajra, na leo nimempoteza kwa tone moja. Nina uchungu.

Ijumaa, 14 Machi.
Baada ya swala Mzee kanivuta pembeni. Kasema aliyesahau hana lawama, saumu yangu iko palepale, na yeye ameshamnyamazisha dada yake. Jibu atatoa baada ya Idi, na moyo wake unaelekea kukubali. Sharti moja tu: hadi siku hiyo nitulie. Hajra naye kanitumia ujumbe, kaniomba nitulie, tafadhali sana. Machozi yalinitoka.
Lakini nani amewahi kupata mke kwa kutulia? Farhan hatatulia! Wiki ijayo mada ni ulimi na ladha: chumvi, sukari, pilipili, ndimu. Ndimu nimeshanunua. Mzee nimemwalika, na kiti chake nimekiweka mbele kabisa, anione vizuri.