Njia ya Hewani ya Mzee Andongwisye

Zuber Bushiri alikuwa na kitu kimoja tu duniani alichokipata kwa jasho lake: redio ya mkononi yenye koti la ngozi ya kahawia. Vingine vyote, kuanzia viatu hadi heshima, vilikuwa vya kuazima. Redio aliinunua kwa kubeba magunia ya chai msimu mzima, kabla hajagundua kwamba mdomo wake una nguvu kuliko mgongo. Mkewe Asia alipomchoka na kuondoka, redio ilibaki. Ilimsalimia asubuhi, ikamtakia usiku mwema, na Zuber aliipenda kwa dhati. Leseni ya redio, ambayo kila mwenye redio alitakiwa kuikata, hakuwa nayo. Aliona ni aibu kumkatia rafiki leseni.

Siku moja mvua ya Tukuyu ikinyesha kama kawaida yake, yaani bila kumuuliza mtu, Zuber alijibanza kibarazani kwa dobi akimsikiliza redioni mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Mtaalamu alieleza kwamba hewani kuna njia nyingi zisizoonekana, zinaitwa masafa. Kila kituo cha redio hupewa njia yake. Polisi wana zao, ndege zina zao, meli zina zao. Wawili wakipita njia moja sauti hugongana, na msikilizaji huambulia miluzi. Ndiyo maana serikali huzigawa, tena hukaa na nchi jirani kupatana nani apite wapi. Jua likishazama redio za mbali husafiri zaidi, na hapo ndipo vurugu huanza.

"Masafa ni mali ya umma, kama ardhi," mtaalamu akamaliza. "Hayauzwi."

Katika mafundisho yote hayo, Zuber aliondoka na jambo moja tu: kwamba nchini kuna mali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiuza. Akasikitika sana kwa uzembe wa wajanja wenzake.

Dobi alimwazima suti ya Kaunda ya mteja ambaye hangekuja kuifuata kabla ya Jumamosi. Kwenye lori bovu nyuma ya gereji Zuber aling'oa saa ya kupimia mwendo. Akaitundika shingoni kwa kamba, akajitazama kwenye kioo cha dobi, na nusura ajipigie saluti. Sisi watu wa Tukuyu tuna udhaifu huo: mtu akitundika kitu chenye mshale shingoni, hatumuulizi tena ametoka wapi.

Akapanda hadi kijiji cha Mpuguso, kwa Mzee Andongwisye, balozi wa nyumba kumi. Mzee huyu alikuwa na redio kubwa ya mbao na donda kubwa la moyo. Zamani majirani walikuja na vigoda vyao jioni kusikiliza habari uani kwake. Sasa ikifika jioni redio yake inaingiliwa na kituo cha nchi nyingine, ilhali kwa Ackson, mwenye duka ng'ambo ya bonde, sauti ni safi. Majirani walikuwa wamehama na vigoda vyao.

Zuber alimkuta njiani, kando ya migomba, akitoka mkutanoni.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Bwana Masafa."

"Malahaba. Bwana nani?"

"Masafa. Nagawa njia za hewani. Mshale wangu unaniambia hapa kuna redio inayoteseka."

Mzee alishika kifua. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu! Kila nikifungua habali, anaingia mtu wa nchi nyingine anaimba! Kwa nini?"

"Niambie kwanza. Kwenu hapa, mkaza mwana akikutana na baba mkwe wake njiani, inakuwaje?"

"Hawakutani!" Mzee karibu akasirike. "Mwanamke anatoka njiani, anaingia kwenye migomba, anajificha mpaka mkwe wake apite. Hata jina langu halitamki."

"Basi redio ni hivyo hivyo. Kila sauti ina njia yake. Wawili wakikutana, ni aibu na makelele. Serikali ndiyo inayosema, wewe pita huku, wewe ngoja."

Mzee Andongwisye alisimama akitafakari, na uso wake ukachanua. "Kumbe selikali ni Mnyakyusa!"

Migomba ikatikisika kidogo. Zuber alidhani ni upepo.

"Basi nipe njia yangu peke yangu," mzee akasema, na sauti yake ikashuka. "Ackson asipite hata kidogo."

Zuber aliinamisha kichwa kama mtu anayeumizwa na dhamiri. Kwa kanuni, alisema, hewa haiuzwi, tunajenga ujamaa. Ila kuna shukrani kidogo ambayo ofisi haikatai. Mzee akataja kuku. Mshale wa lori ulikataa kuku. Wakafika kwenye ndama dume mwekundu, aliyenenepa kwa majani ya kukatiwa, na mshale ukaridhika.

"Na mtu akitumia ledio bila njia yake?"

"Mungu amhurumie," alisema Zuber, ambaye uongo ukimnogea hakujua pa kusimama. "Kuna Landrova, mzee, ina mtambo unazunguka juu. Unanusa redio hata ikiwa imezimwa, hata chini ya kitanda. Wakikukamata, redio inakwenda mpaka na koti lake la ngozi. Ila redio iliyo kwenye nyumba yenye njia yake haiguswi."

Wakaenda nyumbani. Zuber alivuta waya hadi juu ya mparachichi, akagusa huku na kule, akaguna kitaalamu, na redio ya mbao ikazungumza kwa sauti safi. Ilikuwa saa nane mchana, wakati ambao redio zote za Mpuguso huzungumza kwa sauti safi. Zuber akala mbalaga, ndizi za kupikwa, na maziwa mgando, akaaga kabla jua halijaelekea kuzama, akamswaga ndama kuelekea mjini. Redio yake ilining'inia begani ikimwimbia.

Kwenye kona ya kushukia mtoni alikuwapo mwanamke kijana na mzigo wa majani. Ndama akamwendea moja kwa moja, akaanza kula. Mjanja mwenye akili timamu angejiuliza ndama huyu anamjua vipi mwanamke huyu, lakini Zuber alikuwa ameshiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Unaitwa nani?"

"Tupokigwe. Mkwe wa balozi." Akatazama redio, akashusha sauti. "Baba, usiende barabarani. Kuna gari limesimama."

"Gari gani?"

"Sijui magari mimi. Lina kitu kinazunguka juu."

Zuber akaikumbatia redio yake. "Landrova?"

"Labda ndiyo jina lake. Wanauliza mtu mwenye redio ya koti la kahawia."

"Wanataka leseni," alisema Zuber.

"Hata sijui wanataka nini. Wanauliza pia anayeswaga dume."

Kutoka barabarani ukasikika mngurumo wa injini. Lilikuwa lori la chai, kama kila siku, lakini masikio ya Zuber siku hiyo yalisikia mtambo ukizunguka.

"Binti, nifiche!"

"Wewe sitakuweza. Redio nitaiweka. Si kwa mkwe wangu kuna njia yake?"

"Haiguswi!" akasema Zuber, akamvika redio begani mwenyewe. Akamwachia na kamba ya ndama, akamshukuru mpaka akasahau hata kuagana vizuri. Alifika Tukuyu kwa kupita mitoni, suti ya mteja wa dobi ikiwa na matope hadi makwapani.

Asubuhi chumba hakikumsalimia. Zuber alikaa kitandani akisikiliza ukimya, akiwaza habari za Landrova, mpaka swali dogo likamjia: ni nani hasa aliyewahi kuiona hiyo Landrova? Akafuatilia habari hiyo nyuma, mtu kwa mtu, na alipofika mwisho alijikuta mwenyewe amesimama kando ya migomba inayotikisika siku isiyo na upepo. Baba mkwe alikuwa njiani. Mkaza mwana angekuwa wapi tena?

Alirudi Mpuguso mchana uleule. Uani alikuta vigoda, tena vingi, na Mzee Andongwisye akasimama kumpokea kwa mikono miwili.

"Ndiye huyu!" akawaambia majirani. "Ofisa wa selikali aliyeludisha ng'ombe! Alimwambia mkwe wangu, mludishieni mzee dume lake, masafa hayauzwi. Mmewahi kuona?"

Hawakuwahi. Wakampigia makofi. Zuber, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupigiwa makofi kwa uaminifu, aliona yanauma kuliko viboko.

"Na njia uliyonipa ina nguvu fijo, tangu uvute ule waya hata jana jioni hakuimba mtu," mzee akaendelea. "Sikiliza! Ledio yangu inasema hapa, na kule nyuma ya migomba inasema pia!"

Kweli. Kutoka nyumba ndogo nyuma ya migomba sauti ileile ilitoka, ikikwaruza kidogo kwenye herufi nzito. Zuber aliufahamu mkwaruzo huo kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Ilimchoma moyoni.

"Kule ni kwa nani?" akauliza, akijua.

"Kwa mkwe wangu. Mume wake yuko migodini. Hawezi kukaa hapa nilipo mimi, maskini, miaka yote alikuwa anasikia habali kwa kupitia ukuta. Sasa njia inamfuata hukohuko." Mzee akamshika bega. "Mimi siwezi kwenda kutazama. Na wewe ukiwa mgeni wangu, huwezi pia."

Redioni, mtaalamu wa Dar es Salaam alikuwa anarudia somo lake. Likamjia Zuber kwa masikio yote mawili, kutoka uani na kutoka migombani, kwamba masafa ni mali ya umma.

Mke wa balozi akatokea nyuma ya nyumba, akafuta mikono. "Mkwe wangu anakusalimu sana, Bwana Masafa. Anasema ile sauti imeanza kufifia. Betri zinapatikana duka gani Tukuyu?"

Zuber aligeukia migomba. Aliwaza redio ile ikinyamaza kidogo kidogo nyuma ya migomba, na hakuweza kustahimili.

"Mwambie asihangaike," akasema. "Nitaleta mwenyewe."

Wiki hiyo wapakiaji wa chai walimwona akirudi kwenye magunia, bila mshale shingoni. Walipomuuliza kulikoni, alisema tu kwamba masafa hayauzwi, lakini betri zinauzwa, tena mwenye duka hasikilizi hadithi.