Chungu cha Mkwaju wa Mama Nitin

Jumatatu, 3 Juni 2024

Siku kubwa! Bosi Nitin anafungua tawi la duka kule Buseresere. Nondo, mabati, rangi, kila kitu. Anataka msimamizi kutoka kwa wauzaji wake wa hapa Kahama. Wauzaji tuko wawili, mimi na Donatus. Donatus huwahi kazini kabla ya kufuli, na anajua saizi ya msumari kwa kuushika tu. Mimi nina akili.

Halafu bahati ikaja yenyewe. Mama yake bosi, Mama Nitin, ana mkwaju wake kwenye baraza ya nyuma. Mkwaju kweli, wenye gamba la kizee na kiuno kilichopinda, ila kimo chake hakizidi birika la chai. Wanauita bonsai. Aliupanda marehemu mumewe kabla Nitin hajazaliwa. Leo asubuhi chungu chake kimekutwa na ufa. Mizizi imekisukuma kutoka ndani.

Mama Nitin alikuja dukani akiwa mnyonge, akauliza kama kuna mtu anajua chungu kinachofaa mti wa namna hii. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikamwambia, mama, mambo hayo nimeyasomea. (Niliwahi kuona video moja nikisubiri chipsi.) Akasema, Marselino, mti huu ndio mzee wangu aliyebaki, usiniangushe. Njia ya Buseresere inapita kwa bosi, na njia ya bosi inapita kwa mama yake. Donatus alikuwa anahesabu bawaba, hakusikia kitu.

Jumanne, 4 Juni

Utafiti. Nimetazama video za babu mmoja wa Kijapani. Sielewi neno hata moja, lakini akiona chungu kibaya anakunja uso, na uso nauelewa. Mambo si mchezo! Urefu wa chungu uwe kama theluthi mbili za kimo cha mti. Kina chake kilingane na unene wa shina. Mti wenye maua unaruhusiwa chungu cha rangi inayong'aa, ila mti wenye gamba zee unataka udongo mtupu. Mti ulionyooka kama askari, chungu cha pembe. Uliopinda, chungu cha yai.

Nilichukua tepu ya dukani nikaupima mkwaju wote, pamoja na kiuno. Nimejikuta nimekaa pale muda mrefu, nikijiuliza maswali. Mti huu unajua kwamba ni mkwaju? Wenzake kule porini wanabeba mizinga ya nyuki, wenyewe unabeba shomoro mmoja na unainama. Nilimuuliza Mama Nitin kwa nini chungu kina sheria nyingi hivi. Akasema chungu kizuri ni kama mshenga mzuri, kinamleta mwenzake mbele halafu kinanyamaza. Niliipenda hiyo. Donatus alipita, akaiona tepu mkononi mwangu, akauliza kama suti ya mti itakuwa ya vipande vitatu.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa nini nihangaike kutafuta wakati tupo kwenye nchi ya dhahabu? Nimeazima karai la Abel, mchimbaji mteja wetu, lile la kuoshea mchanga. Refu kiasi, kina kidogo, mviringo safi. Nikalipiga rangi ya bluu ya dukani, nikaweka udongo, nikauegemeza mkwaju humo ili mama aone taswira.

Mama Nitin alitazama kwa muda. Kisha akauliza kwa upole kama mti wake unakwenda kuosha dhahabu. Akauliza pia kama karai hilo limewahi kuguswa na zebaki. Wakati huohuo wateja wawili wa machimboni walishasogea. Mmoja alichota udongo wangu kwa kidole, akausugua kwenye kiganja, akauangalia juani. Mwenzake akauliza nimeutoa duara gani, yaani shimo gani la dhahabu. Nilisema bustanini. Hawakuamini, wakaondoka wakinong'onezana, na mpaka jioni bustani ya bosi ilikuwa na mashimo matatu.

Bosi amemuuliza Donatus nani amechimba bustani. Donatus akasema hajui, lakini alinitazama mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefika Samuye kwa Mama Magesa, mfinyanzi. Shangazi yangu anasema hakuna mwingine. Vyungu vyake hajauza hata kimoja kabla ya kukijaza maji na kukilaza juu ya majivu makavu. Majivu yakilowa, chungu kinavunjwa palepale, hata awe amekiagiza padri.

Nikamwamkia, nikaketi, nikachora kwenye vumbi. Chungu kifupi, umbo la yai, miguu minne midogo, na chini matundu mawili. Alikubali yote mpaka matundu. Akauliza matundu ya nini. Nikasema ya maji kutoka. Akaniuliza, mwanangu, unataka chungu kisichoshika maji? Nikasema ndiyo. Akaita majirani waje kumsikia mtu wa Kahama. Walikuja. Ikabidi nirudie.

Nilieleza mambo ya mizizi kupumua. Jirani mmoja, mzee wa ng'ombe nyingi, alitikisa kichwa akasema mjini kuna shida. Mama Magesa akasema mama yake alifinyanga, bibi yake alifinyanga, na katika ukoo wote hakuna aliyetoa nyumbani chungu kinachovuja. Nilimbembeleza hadi kivuli kikahama. Mwishowe akafinyanga umbo lile mbele yangu, akatoboa kwa kidole, huku akigeuza uso pembeni kama anayechinja kuku wa mgeni. Matundu mawili. Nimeyaona kwa macho yangu! Kitakauka, atakichoma, nitakifuata.

Nimerudi Kahama nikipiga mluzi.

Jumatano, 12 Juni

Hujuma! Donatus amekizungushia chungu cha zamani waya wa kufungia nondo, akakaza kwa koleo. Ufa umefunga. Mti umesimama vizuri tu, na Mama Nitin ameanza kusema labda inatosha.

Nilimvuta mama pembeni nikamweleza, kwa masikitiko, kwamba kutu ya waya hupanda kwenye mizizi na kuupa mti kiungulia. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Akashtuka, akasema basi tusubiri cha Samuye. Nimelala mchana nikiwa na amani.

Jumamosi, 22 Juni

Nimekipata. Jamani! Kahawia ya udongo wa kichuguu, miguu minne imekaa sawa, ukingo una mistari myembamba aliyochora kwa bua la mtama. Nilipima theluthi, nikapima kina. Sawasawa. Yule babu wa video asingekunja hata nyusi.

Mama Magesa alikuwa na furaha ya ajabu. Akasema amenitengenezea vizuri zaidi ya nilivyomwomba, wala nisimuulize, nitaona mwenyewe. Nikajua ni ile mistari. Nikamshukuru kwa Kisukuma, wabeja sana. Alikifunga kwa nyasi na kipande cha khanga, nikakipakata mpaka Kahama kama mtoto wa kubatizwa.

Jumapili, 23 Juni

Baada ya misa nimeupanda mkwaju. Nilipunguza mizizi kidogo kama babu, nikakunja uso kama babu. Udongo, kokoto, na juu yake ile kuvu ya kijani inayoota kwenye mawe. Halafu nikarudi nyuma hatua chache nikatazama. Mti ule ule, lakini sasa umekuwa mkubwa. Sielewi inakuwaje. Haukuongezeka hata ukucha, ila ukiutazama unataka kwenda kukaa kivulini mwake.

Mama Nitin alilia. Akasema mzee angependa. Bosi alipita, akanishika bega, akaniuliza kama nina ndugu yeyote Buseresere. Ndugu! Nitawapata hukohuko. Nimeanza kufunga mizigo. Donatus aliniambia hongera, na alimaanisha, jambo lililoniudhi.

Jumamosi, 29 Juni

Majani yana umanjano. Mkwaju hufumba majani jioni ukilala, nimeshaona hilo, inapendeza sana. Lakini huu unafumba saa nne asubuhi. Mama Nitin ameuliza mtaalamu anasemaje. Mtaalamu amesema mti una ugeni wa nyumba, uongezewe maji. Asubuhi, mchana na jioni.

Jumatatu, 1 Julai

Yanadondoka. Nimekuja mapema kuliko Donatus (mara ya kwanza!) ili niyaokote kabla mama hajaamka. Mifuko yangu imejaa majani ya mkwaju. Nilijaribu kurudisha machache kwa gundi. Mawili yameganda kwenye dole gumba langu, na nimehudumia wateja siku nzima nikiwa nimeficha mkono chini ya kaunta.

Mama Nitin hakula mchana. Amekaa kwenye kigoda karibu na mti, anauongelesha Kigujarati taratibu. Sikuuliza anasema nini. Niliuongezea mti maji.

Jumatano, 3 Julai

Siku mbaya. Udongo ulianza kunuka kama kinamasi. Donatus alikuja barazani kuchukua ngazi, akasimama, akauliza maji yanayozidi kwenye mti huu yanatokea wapi. Nilimjibu kwa dharau kwamba yanatokea kwenye matundu mawili yaliyotobolewa mbele yangu, na kwamba fani ya watu ina mambo yake. Akasema tuangalie basi. Tukakiinua. Chini palikuwa laini kama shavu. Ukikaribisha jicho unaona alama mbili za duara, zimezibwa kwa udongo, zikasuguliwa, zikachomwa pamoja na chungu.

Nikapiga simu Samuye. Mama Magesa alipokea akicheka. Akasema alijua nitapiga kushukuru. Kwamba alipowaza kijana wa watu anakwenda mjini na chungu kibovu, achekwe na Wahindi, usingizi ulimkataa. Akaziba. Akakijaza maji, akakilaza juu ya majivu, na majivu yakaamka makavu. Akauliza, je, kimevuja? Nikasema hapana, mama, hakijavuja. Ningesema nini?

Mama Nitin alisikia yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali anigombeze. Aliniomba nishike shina wakati Donatus anaurudisha mti kwenye chungu cha zamani chenye waya. Mizizi ilikuwa myeusi, inateleza. Nilikuwa nimeshika mzee wa mtu mkononi na hakuwa na uzito wowote. Niliumia. Naandika hivyohivyo: niliumia. Nilikiri pia kwa mama kwamba miti haipati kiungulia. Akasema alihisi.

Jumatatu, 8 Julai

Bosi ametangaza. Anakwenda Donatus. Nimefungua mizigo yangu, na shati la safari limekunjika vibaya.

Lakini asubuhi hii Mama Nitin aliniita mimi kwanza kabla ya mtu yeyote. Pale kiunoni pa mkwaju, penye gamba kavu kabisa, pametoka kichipukizi kimoja, kidogo kuliko punje ya mchele. Tuliinama wote wawili tukakitazama mpaka chai yake ikapoa. Akaniambia nisiguse maji, mkasi wala udongo wa mti huu maisha yangu yote. Ila nije kila asubuhi kuuangalia na kumweleza nilichoona, kwa sababu katika nyumba hii hakuna anayeuangalia kama mimi. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Nilikwenda nyuma ya mabati nikapenga kamasi.

Jumanne, 9 Julai

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa kutafuta chungu cha kufaa mti. Chungu ninacho, kizuri kuliko vyote Kahama, kimekaa kitupu chini ya kitanda changu. Kinachotakiwa ni mti wa kufaa chungu!

Nyuma ya stendi nimepata kimgunga cha miiba kilicholiwa na mbuzi hadi kikapinda. Theluthi sawasawa, kiuno kipo. Nimekipanda leo. Na mteja yupo tayari: Bi Naznin wa duka la vitambaa, ambaye ameuona mti wa Mama Nitin na anataka wake. Anatafuta pia msimamizi wa duka. Nimemwambia kimgunga changu kimemzidi umri baba mkwe wake, na mambo haya nimeyasomea.

Ameuliza jambo moja tu, kama maji hayatamharibia meza yake ya mninga. Nimemhakikishia kwa mkono kifuani. Chungu hiki, Bi Naznin, kimelazwa juu ya majivu. Mwagilia asubuhi, mchana na jioni, hakitoi hata tone.