Diwani Kwenye Rafu ya Mabomba

Jumatatu, 3 Machi
Leo natimiza miaka thelathini na minane ugenini. Hakuna aliyenipa hongera. Dada yangu amepiga simu kutoka nyumbani kuuliza nitarudi lini. Nimemjibu mwakani, kama kila mwaka.

Lakini kuna habari kubwa! Maktaba ya mtaa itafanya jioni ya kusoma kwa sauti, maalumu kwa rafu ya lugha yetu. Kitabu kitakachoombwa na watu wengi zaidi ndicho kitakachosomwa, na msomaji ni yule aliyekipendekeza. Nimependekeza diwani mpya ya binti mmoja aliyezaliwa mtaa wetu wa zamani. Mashairi yake hayana vina wala mizani. Kuna ukurasa mzima wenye neno moja tu: Mvua. Nimemsamehe. Ukurasa wa arobaini una geti lililopakwa buluu upande mmoja kwa sababu rangi iliisha. Geti hilo nalijua. Rangi ilipoisha, brashi ilikuwa mkononi mwangu.

Binti yangu husikia lugha yetu ila haisomi. Ameahidi atakuja iwapo msomaji ni mimi. Basi msomaji ni mimi, liwalo na liwe.

Jumanne, 4 Machi
Daktari wa meno mstaafu naye amependekeza chake. Insha! Insha za kupoteza miwani, za kusimama foleni, za mtu kushindwa kukunja shuka lenye lastiki. Nimemwambia hiyo si fasihi, ni malalamiko. Akanijibu, "Mzee mwenzangu, mimi nimeng'oa meno maisha yangu yote. Malalamiko nayajua. Haya yana raha."

Nikajificha nyuma ya kabati la magazeti nikazisoma. Kwenye shuka nilicheka mpaka mkutubi akaja kuniuliza kama napumua. Kitabu hatari. Lazima kiondoke.

Jumatano, 5 Machi
Kimeondoka. Sikukiiba, mimi si mwizi. Nimekihamisha tu hadi rafu ya ufundi bomba, kati ya vyoo na masinki. Mtu wa kwetu ataenda kutafuta nini kule? Nimerudi nyumbani natembea kama kijana.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Sinki la saluni limeziba kwa nywele. Msusi, ambaye ni mtu wa kwetu, akaenda maktaba kutafuta kitabu cha kumfundisha kulizibua. Akakuta insha. Sasa mteja anayesukwa ndiye anayesoma, na wanaosubiri zamu wanashika mbavu. Kutwa wanamiminika kaunta ya maktaba kukiomba. Sinki bado limeziba.

Binti yangu husukwa hapohapo. Jioni alipita kunisalimia, akanisimulia habari yote ya shuka la lastiki, kwa lugha yetu, bila kukwama hata mara moja. Tangu utotoni sijamsikia akiongea hivyo. Sikucheka. Nilitazama dirishani. Nje hapakuwa na kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nimekwenda saluni na diwani yangu kwapani. Nina upara. Msusi akanikaribisha vizuri sana, akanizunguka mara mbili, kisha akasema, "Baba, sasa tuanzie wapi?" Wanawake wakaangua kicheko.

Nikafungua ukurasa wa arobaini. Nilipofika kwenye geti, mashine ya kukaushia nywele ikawashwa. Nikapaza sauti. Ikanguruma. Nikapaza zaidi. Ikazimwa ghafla, nami nikajikuta napiga yowe kwamba rangi imeisha. Mama mmoja aliyesukwa nusu kichwa akaniuliza kwa upole kama duka langu la rangi lina nyeupe.

Jumanne, 11 Machi
Nimekesha nikitafakari, sasa nimeelewa. Kilichozibeba insha si insha. Ni mabomba! Kitabu unachosukumiwa hukitaki. Ulichokiokota mwenyewe unakikumbatia. Asubuhi nimeipeleka diwani kwenye rafu ile ile. Kwa usalama, nimeiweka nyuma kabisa, imefunikwa na kitabu kinene cha vyoo.

Alhamisi, 13 Machi
Hakuna aliyeiokota. Masinki ya mji mzima yanapitisha maji. Sijapata kuona watu wasafi namna hii.

Jumamosi, 15 Machi
Insha zimeshinda, daktari amesoma. Amesoma vibaya, kana kwamba wasikilizaji wako na midomo wazi kwenye kile kiti chake. Hata hivyo wamecheka mpaka machozi. Binti yangu alikuja! Alikaa mbele. Alicheka kuliko wote.

Tulipotoka akanishika mkono. Akauliza lile geti la buluu liko kitabu gani, maana msusi alimwambia. Akasema amekwenda kaunta mara mbili kukiomba. Mkutubi alipekua rafu yote, hakukiona, akasema labda kimepotea. Alitaka nimsomee, yeye na mimi tu, jikoni kwake.

Hapo mtu mwenye akili angesema ukweli. Nilimwambia kitabu kinagombaniwa sana. Akasema, "Haya, baba. Basi." Akatafuta ufunguo wa gari kwenye mkoba, muda mrefu.

Jumapili, 16 Machi
Nimelifikiria upya. Naweza kesho kukichukua kule kwenye vyoo, nikampelekea, nikamsomea. Jambo jepesi. Lakini huko si kumsukumia? Akikiokota kwa mkono wake mwenyewe atakipenda milele. Jumanne nimealikwa kwake chakula cha mchana, na sinki lake lina tundu pana. Nimekwisha kutenga soksi nzito ya kulizibia.

Dada amepiga simu. Mtaa wetu unabomolewa wote, lile geti wameling'oa juzi. Akaniambia kaka, njoo angalau uone kilichobaki, utarudi lini? Nilifungua mdomo kusema mwakani, neno likagoma. Geti ninalolijua liko ukurasa wa arobaini, na kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuniomba nimwonyeshe.

Nimemwambia dada nina sinki la kuziba huku, na kwamba sitarudi.