Nilivyoikimbiza Kakuma Nzima

Kakuma, Jumamosi jioni

Wafula na Barasa,

Leo nimeaibika. Nimeaibika mchana kweupe, mbele ya Bwana D.O., mkuu wa serikali hapa, mbele ya kwaya, nikiwa nimevaa kaptura fupi. Ketini niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine.

Shida yangu mnaijua. Baba yake Robai alisema nifike kwake hapo Kitale Jumamosi ijayo nijitambulishe kama mchumba wa binti yake, la sivyo atamsikiliza yule mwalimu mwenye pikipiki. Niliomba likizo. Bosi wangu wa Lodwar alicheka kwanza, kisha akasema: "Kuna mashindano Kakuma, mita elfu tano. Ukimaliza chini ya dakika ishirini, utapanda lori la timu hadi Kitale, likizo ya siku saba. Likizo nyingine sina."

Basi nikafanya mazoezi. Wiki sita! Tangu vijana wetu walete medali kutoka ng'ambo, kila karani ni mwanariadha. Kila alfajiri nilikuwa kwenye mchanga wa mto Turkwel: mita mia nne mbio, dakika mbili pumzi, mara nane. (Kuanzia mara ya sita, kusema kweli, ilikuwa pumzi tu.) Niliacha maharagwe. Niliacha sigara, isipokuwa ile ya Ijumaa. Mwalimu wa michezo aliniazima saa yake ya kubonyeza, nikaining'iniza shingoni. Kutoka dakika ishirini na nne nikashuka hadi ishirini na nusu. Nusu dakika tu kati yangu na Robai!

Na nusu dakika hiyo nilijua inapotelea wapi. Kwenye salamu. Huku mtu hampiti mtu hivi hivi. Mkikutana unasimama. "Ejok." "Ejok nooi." Halafu unatoa habari: unatoka wapi, mvua imenyesha wapi, mbuzi hawajambo, njiani umeona nini. Mkimaliza, kivuli kimehama. Mimi nikaacha kusalimu. Lodwar walinizoea, wakasema karani amepigwa na jua, wakaniacha nipite. Kakuma hawanijui. Hilo sikulifikiria hata kidogo.

Tulifika jana. Mbio zilipangwa saa nne asubuhi, kuanzia pipa jeupe lililoko barabarani, kilomita tano nje ya mji, hadi uwanja ulio mbele ya ofisi ya D.O. Mwalimu wa michezo alikuwa ameniusia niijue njia kabla ya kuikimbia. Kwa hiyo saa mbili nikatembea peke yangu hadi kwenye pipa. Mpango wangu ulikuwa mzuri sana: nikimbie mita mia tatu kwa mwendo wa mashindano, nipashe mwili moto, nisimame, ningoje wenzangu waletwe na lori. Mia tatu tu. Nikabonyeza saa.

Mbele kidogo kulikuwa na boma. Nje alikaa mzee juu ya kile kistuli chao cha mbao, fimbo mkononi. Jina lake, nilikuja kujua baadaye, ni Mzee Lokwang. Akainua mkono.

"Ejok! Wewe natoka wapi? Umeona nini huko?"

Jamani, pumzi ilikuwa imekaa vizuri. Sikutaka kuiharibu. Nikamwonyesha kwa kidole gumba, nyuma ya bega, nikapita.

Sasa hebu fikirini. Mtu mzima. Hana mbuzi, hana fimbo. Anakimbia kutoka upande wa mpakani, hasalimu, anaonyesha nyuma. Na huko nyuma, kwa bahati yangu, kisulisuli cha vumbi kilikuwa kimesimama barabarani. Mzee alielewa kwamba wezi wa mifugo wanakuja na bunduki. Mimi nilielewa kwamba kuna mtu anataka kushindana nami.

Maana nilisikia hatua. Nikageuka. Mzee! Viatu vya tairi, shuka begani, kistuli mkononi, anakuja. Akanifikia. Akanipita! Akapiga ukelele kwa Kiturkana, nami nikadhani ananicheka. Mita mia tatu zikaisha sikuziona. Wiki sita za mazoezi, halafu nipitwe na mzee aliyebeba kiti?

Nikaongeza mwendo. Boma la pili wakatoka akina mama na mbuzi. La tatu wakatoka vijana na mikuki, na ngamia wawili. Wote wakamiminika barabarani, mbio kuelekea mjini. Nikajiambia: kumbe watu wa Kakuma wanapenda riadha! (Ndiyo, nilijiambia hivyo. Nimekwisha kujitukana, msiongeze.) Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanitolea macho. Nikampungia mkono. "Twende, mama, twende!" Akaenda. Aliniacha hatua ishirini.

Uwanjani Bwana D.O. alikuwa ameketi chini ya turubai, kwaya imejipanga, watu wamejaa. Wakaona vumbi. Wakaona mikuki, mbuzi, ngamia, na mimi katikati nimeinua mikono yote miwili kama mshindi. Kwaya ikaingia chini ya meza. Mwenye duka akafunga mlango, wateja wakiwa ndani. Askari wakarukia lori letu la timu, wakaondoka kwa kasi kuelekea kule tulikotoka. Mimi nikabonyeza saa. Dakika kumi na tisa na sekunde arobaini na moja! Nikaruka.

"Nimeweza! Nimeweza!"

Bwana D.O. akachungulia kutoka nyuma ya kiti chake. "Umeweza nini? Hao wezi wako wapi?"

"Wezi gani, bwana?"

"Nani ameleta habari ya wezi hapa?"

Macho yote yakamgeukia Mzee Lokwang. Hata hakuwa anahema. Alikuwa ameweka kistuli chake chini, amekikalia. Akaninyooshea fimbo.

"Huyu. Mimi nasalimu yeye, yeye nakataa. Naonyesha nyuma tu. Mutu nakataa salamu, iko kitu nafukuza yeye."

D.O. akanigeukia. "Ulikuwa unafukuzwa na nini?"

"Hakuna kitu, bwana. Nilikuwa napasha mwili moto."

Mzee akanitazama, akalitazama jua, akanitazama tena.

"Sasa kwa hii jua," akauliza kwa upole, "wewe nataka moto ingine ya nini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kwaya ilicheka ikiwa bado chini ya meza. Bwana D.O. alicheka hadi akavua kofia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya Kakuma ilikuwa imepasuka zamani na haikunitaka.

Nikamsihi D.O. aupokee muda wangu. Saa si hii hapa? Akasema saa iliyo shingoni mwa mkimbiaji si shahidi. Askari wakarudi, wakasema wamekuta kisulisuli. Basi mbio zenyewe zikaanza, saa tano na nusu, nami miguu nimekwisha kuimaliza. Halafu kila boma, watu wamejipanga barabarani wananingoja mimi peke yangu. "Wewe leo natoa habari kwanza!" Nikasimama. Nikatoa. Boma la pili walitaka kujua mpaka mvua ya Lodwar. Nilimaliza kwa dakika arobaini na mbili, na kwaya ilikuwa imeshakwenda kula.

Nilijificha nyuma ya lori. Sitawadanganya, nilitokwa na machozi. Kicheko ningekivumilia. Ila akilini nilimwona Robai amepanda ile pikipiki.

Mzee Lokwang akanifuata, akaweka kistuli, akakaa. "Sasa," akasema, "toa habari."

Nikaitoa yote. Robai, baba yake, mwalimu, Jumamosi. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliinuka akaenda kwa Bwana D.O., wakaongea kwa muda mrefu, na D.O. akaanza kucheka upya. Askari mmoja aliyeshinda mbio ana nafasi yake kwenye lori la Kitale. Ile nafasi nyingine iliyobaki, niliyoililia wiki sita, amepewa mzee. D.O. anasema ndiye pekee leo aliyemshinda mwanariadha akiwa amebeba kiti.

"Mimi nakwenda ongea na huyo baba," mzee akaniambia. "Mambo ya bibi, mutu haongei na mbio."

Kwa hiyo huyo aliyewakabidhi barua hii, aliyekaa hapo mbele yenu kwenye kistuli chake, ndiye mshenga wangu. Mpeni chai yenye sukari ya kutosha. Jumamosi mfikisheni kwa baba yake Robai. Ni mtu wa heshima, na moyoni naamini atanipatia mke. Jambo moja tu linanitia hofu: nimemwomba yale ya asubuhi ayaruke, naye amenitazama kwa huruma akasema habari haikatwi katikati.

Nyinyi tafadhali msicheke. Robai atacheka kwa niaba yenu wote.

Wenu,
Nyongesa