Marehemu wa Kwenye Kibao

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, tena mbele ya mtu ambaye sikutakiwa kabisa kuaibika mbele yake.

Mnanijua. Louisville hii ya Marekani mimi najua sehemu tatu: chumba changu hapa mtaa wa Newburg, kazini kwenye maboksi, na kanisani. Siku ya mapumziko nakaa na kochi langu, tunaelewana. Shida yangu ni mdomo. Nilimwambia Neema, mchumba wangu wa Columbus, kwamba mji huu wa kizamani naujua nje ndani, hadi historia ya kila nguzo. (Ilikuwa kwenye simu. Kwenye simu mimi hodari sana.)

Neema akamwambia baba yake mkubwa wa Buffalo, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu posa yangu. Leo mzee kampitia Neema Columbus, wakashuka wote wawili kuja kunitazama. Hata chai hajamaliza: "Haya, mwanangu. Tutembeze huo mji wako."

Mwenzenu nikachagua mitaa ya zamani karibu na mto. Kule kuna vibao vya chuma juu ya nguzo, maandishi ya Kiingereza kama gazeti zima, vinaeleza historia ya mahali. (Kiingereza changu mimi kinaishia kwenye maboksi.) Tumeshatembea ndipo mzee anakumbuka kasahau miwani garini. Neema akarudi kuifuata. Nikaona Mungu kanipenda! Kibao cha kwanza nikasema, "Hapa aliishi tajiri mmoja wa farasi." Cha pili, "Hapa walilala farasi wake." (Louisville ni mji wa mbio za farasi, ukisema farasi huwezi kukosea sana.)

Mzee anatikisa kichwa. "Kumbe umesoma!"

Kibao cha tatu ndicho kilichonimaliza. Juu kuna jina la mwanaume. Chini yake mwaka, kistari, mwaka mwingine. Sasa nyie tuliokulia wote kambini kule Kigoma, niambieni: nguzo imechomekwa ardhini, ina jina, ina mwaka hadi mwaka. Hiyo ni nini kama si kaburi?

"Hapa amelala mtu mkubwa," nikasema kwa sauti ya chini.

"Mtumishi wa Mungu?"

"Mchungaji kabisa, mzee. Watu walitoka mbali kumfuata. Walioingia kwake na huzuni walitoka wanaimba."

(Hilo la mwisho sijui nililitoa wapi.)

Mzee akavua kofia. "Kaburi la mtumishi halipitwi hivihivi. Anzisha wimbo."

Mimi? Wimbo? Barabarani? Nikaanzisha. Mzee akapokea kwa besi ile ya kanisa lisilo na spika. Kisha akanyanyua mikono, akashukuru kwa kazi ya marehemu, akaomba na sisi vijana tufuate nyayo zake, tukate kiu ya watu kama yeye! Mzungu mmoja mzee aliyekuwa akipita na mbwa akasimama, naye akavua kofia. Mbwa akakaa. Heshima tupu.

Amina. Neema huyo na miwani, anahema. "Mnaombea nini?"

"Marehemu," nikasema.

Akasoma kibao. Akakisoma tena. Akaziba mdomo, mabega yanatikisika.

"Baba mkubwa... hapa hakuzikwa mtu. Huyu bwana alikuwa na duka la wiski. Hiyo ni miaka ya biashara yake."

Mzungu akamuuliza Neema kulikoni, akaelezwa, akacheka mpaka akaishika nguzo. Mimi nikaona posa yangu inazikwa palepale, angalau kaburi lipate maiti.

Mzee akavaa miwani polepole. Akasoma kibao chote. Akanigeukia.

"Kijana. Miaka yote hiyo mjini hapa, duka la pombe hulijui?"

"Silijui, mzee."

"Hata kwa kulisikia?"

"Mimi nikitoka kazini nalala, mzee."

Akamtazama Neema. "Mwongo ni mwongo. Lakini huyu, jioni utamkuta nyumbani." Hapo ndipo kicheko kikamtoka, kofia ikaanguka. "Posa nimeipokea. Ila siku ya harusi hotuba nitatoa mimi. Wewe kaa kimya!"

Kwa hiyo nimepata mke kwa kutoujua mji. Mzungu alitupiga picha, na Neema ameshaituma Columbus na Buffalo. Ikikufikia, mimi ni yule aliyefumba macho kwa uchungu wa marehemu. Cheka, lakini kimoyomoyo, tuko msibani.