Goli Moja tu kwa Komeo

Jumatatu, 18 Agosti

Nimestaafu. Yaani nitastaafu Jumamosi alasiri, king'ora cha mwisho kikilia. Niliwatangazia wenzangu leo asubuhi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama kabati langu lina mtu tayari.

Miaka kumi na minne na timu ya Korongo, kwenye mpira wetu huu wa umbo la yai, unaochezwa kwa mkono na mguu. Jumamosi itakuwa mechi ya 261. Beki wa nyuma kabisa, yule anayesimama karibu na milingoti yetu na kuupiga ngumi kila mpira unaoshuka kabla adui hajaudaka. Jina langu ni Desmond Hallinan, ila hata mama mkwe ananiita Komeo. Magoli niliyofunga: hakuna. Sikusema machache. Hakuna.

Mbele za watu hili huwa nalicheka. Hapa naandika ukweli. Nataka goli moja. Mpira utoke mguuni mwangu, upite katikati ya milingoti miwili mirefu, refa wa goli anyooshe vidole viwili, kisha apeperushe bendera zake mbili. Pointi sita. Halafu nife, au niende nyumbani, vyovyote.

Nilimfuata Kocha Pascoe ofisini. Nikamwomba anipange mbele Jumamosi. Akaniuliza kama njia ya kufika huko naijua au anichoree ramani. Akanikumbusha kwamba sisi ndio tunaoshika mkia, na tunacheza na Tarrawonga walio juu yetu kidogo tu. Tusiposhinda, kijiko cha mbao cha timu ya mwisho ni chetu, na tutachekwa nacho mpaka mwakani. "Komeo hukaa mlangoni, kaka," akasema. "Halikai sebuleni."

Nikatoka. Ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani, na shakwe wamesimama kwenye nyasi bila haraka yoyote. Mawazoni niliuona mpira wangu ukipaa juu yao, ukizunguka taratibu, shakwe wote wakiinua vichwa kuutazama. Nilisimama pale hadi mtunza uwanja akaniomba nisogee apitishe mashine yake.

Jumanne, 19 Agosti

Mpango wa kwanza: mazoezi ya siri. Kocha akiona ninavyopiga, moyo utamlainika.

Nilifika bustani ya mtaani alfajiri, na mifuko miwili ya mipira. Tatizo ni magpai, ndege weusi kwa weupe wenye midomo mikali. Mwezi huu wanalinda viota, na kichwa cha binadamu hawataki kukiona. Kwa hiyo nilivaa kopo la aiskrimu la lita nne, nikalichorea macho mawili nyuma kama wanavyofanya watoto wa shule. Ndege akiona macho hashambulii. Hivyo ndivyo tunavyoambiwa.

Nilipiga mipira ishirini. Mitatu ilipita penye milingoti. Mmoja ulipita kwenye kioo cha gari la mtu, nikaacha karatasi yenye namba yangu ya simu. Magpai alishambulia mara kumi na moja. Nadhani macho yangu niliyachora kwa upole mno.

Na nani akatokea akimtembeza mbwa wake? Jarrod Vukic. Mshambuliaji wetu. Magoli mia nne na kumi na mbili, nywele za tangazo la shampuu, na kweli yuko kwenye tangazo la shampuu. Akalitazama kopo kichwani mwangu.

"Mzee," akasema, "hiyo ni vanila au chokoleti?"

Nikamwambia nafanya mazoezi ya macho. Akasema anaona, nimeongeza mawili.

Huyu ndiye anayesimama pale ninapopaota. Yeye hufika hapo kila wiki, na nina hakika haoni hata rangi ya anga.

Jumatano, 20 Agosti

Mpango wa pili. Si wa uungwana, nakiri. Vukic akiwa na jeraha, mbele kutabaki pengo. Kumuumiza siwezi, mimi si mtu wa namna hiyo. Lakini mtu anaweza kujiumiza mwenyewe kwa mawazo.

Saa tatu nikamwambia kwamba anatembea ajabu. Saa nne nikamuuliza kwa upole kuhusu msuli wa nyuma ya paja, wa kushoto. Saa tano nikamwambia sitaki kumtisha, ila beki mmoja mwenzetu wa zamani alianza hivyohivyo, na leo anauza mabwawa ya kuogelea. Akaanza kulishika paja. Nilifurahi kiasi cha kuona haya.

Akaniomba nimwonyeshe anavyotembea. Nikamwonyesha. Hakuelewa. Nikarudia, korido nzima, nikiburuta mguu, mara nne, na mara ya tano kwenye ngazi.

Kitu kikakatika katika shavu la mguu wangu.

Vukic alikwenda kwa daktari wa timu, akaambiwa yeye ni mzima kama farasi. Mimi sikwenda kwa daktari. Nikimwambia, Jumamosi nitaitazama mechi nikiwa jukwaani na blanketi magotini. Jioni nimekaa na barafu mguuni, mlango wa bafu umefungwa. Nimemwambia Bronwyn natafakari. Mke wangu ni muuguzi. Akasema nikimaliza kutafakari nirudishe njegere zake zilizoganda kwenye friza.

Alhamisi, 21 Agosti

Mguu unauma lakini unakubali kwenda. Mpango wa tatu ndio mzuri kuliko yote.

Bango! Kabla ya kila mechi tunalipasua bango la karatasi kwa kupita mbio katikati yake, refu kuliko nyumba, na mtu anayestaafu hulipasua akiwa wa kwanza, peke yake. Watu elfu thelathini hulisoma. Kocha pia hulisoma. Bango hutengenezwa na Mama Dulcie Farnham na mashabiki wenzake, Alhamisi mchana, kwenye ukumbi wa skauti. Nilienda na sanduku la keki za krimu.

Nilimkuta amepiga magoti juu ya herufi K, miaka sabini na tatu, mkasi mdomoni. Maneno yalikuwa tayari:

MIAKA KUMI NA MINNE MLANGONI UMESIMAMA,
KOMEO WETU, PUMZIKA SALAMA.

Nikasema hayo ni maneno ya kaburini. Akasema ya kaburini huwa na herufi chache, angefurahi. Nikamwomba aongeze ombi kwa kocha, la maneno machache tu. Akazitazama zile keki, akanitazama mimi. "Mwanangu," akasema, "bango hili nimelibandika miaka arobaini na halijawahi kuomba kitu. Shika utepe."

Kwa hiyo nikashika utepe. Sikutarajia kufurahi, lakini nilifurahi. Tuliinama watu kumi na wawili juu ya karatasi nyekundu na nyeupe, bila mtu kusema sana, jua likiingia dirishani. Karatasi ilikuwa ikipumua kila mlango ulipofunguliwa. Nilibandika jina langu mwenyewe, herufi kwa herufi, na kwa nusu saa nilisahau kabisa nilichofuata.

Kisha wakaenda kunywa chai. Chini kabisa nikaongeza mstari wangu: KOCHA, MPELEKE MBELE. Ili upepo usiuchane niliutia utepe wa kijivu wa mafundi bomba, tabaka tatu, toka nguzo moja ya kushikia bango hadi nyingine. Mimi hufikiria mambo kwa undani.

Ijumaa, 22 Agosti

Orodha imetoka. Hallinan, beki wa nyuma kabisa. Mahali pangu pa siku zote. Nimeisoma mara kadhaa.

Bronwyn alikuwa akikunja nguo. Akaniuliza hili goli ni la nini hasa. Nikashindwa kulifanyia mzaha. Nikamwambia kwamba mshambuliaji akifunga, wote humkimbilia, na kitu kinaandikwa mahali fulani. Mimi nikifanya vizuri, hakuna kinachoonekana. Kazi yangu yote imekuwa mambo ambayo hayakutokea. Miaka kumi na minne ya mambo yasiyotokea, na kesho inakwisha.

Akaweka shati chini. Akasema yeye hajawahi kuutazama mpira, hata siku moja. Mpira ukienda upande wa pili, watu wote hugeuza shingo, yeye hubaki akinitazama mimi nimesimama peke yangu, mikono kiunoni, nikiwaangalia ndege.

"Ulikuwa unaota, mume wangu," akasema. "Mbele ya watu elfu thelathini, na hakuna aliyejua ila mimi."

Nilimshika mkono. Tukakaa hivyo mpaka birika likachemka. Nilikaribia kumwambia habari ya utepe.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nikiwa kitandani, mguu juu ya mito mitatu.

Bango kwanza. Nilitoka handakini peke yangu. Kelele zilikuwa laini, kana kwamba nazisikia nikiwa chini ya maji. Nikakimbia. Karatasi ikapasuka vizuri sana, yote, isipokuwa mstari wangu. Ule ulinipokea kifuani, ukanyooka kidogo, ukanirudisha nilikotoka. Nikaanguka chali. Nilipofumbua macho niliona mawingu, halafu uso wa Mama Dulcie, aliyeacha nguzo yake kuja kuniangalia.

"Utepe wa nani huu?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Nilicheza robo nzima ya kwanza na neno MPELEKE limening'inia kifuani.

Mguu ulidumu hadi robo ya mwisho. Zikiwa zimebaki dakika nne, tukiwa 71 kwa 71, shavu la mguu likakataa. Hatukuwa na mtu wa akiba tena. Mjumbe wa kocha akaja mbio. Kocha anasema sifai tena kwa ulinzi, nitapitwa na kila mtu. Kocha anasema nenda mbele, kasimame tu, usiguse kitu.

Nenda mbele! Nilivuka uwanja mzima nikichechemea. Kule majani ni mengine, nasema kweli, ni laini zaidi. Nikasimama mita ishirini mbele ya milingoti. Hakuna mtu wa Tarrawonga aliyekuja kunikaba. Beki wao alinitazama, akahesabu mechi zangu na magoli yangu, akaenda kumsaidia mwenzake. Lilikuwa tusi, lakini sikuwa na muda wa kuudhika.

Sekunde kumi. Vukic akaudaka mpira pembeni, pabaya, pembe finyu. Angeweza kujaribu mwenyewe. Angeweza kukosa kidogo tu, na hata ile pointi moja inayotolewa mpira ukipita kando tu ya milingoti mirefu ingetosha kushinda. Akainua kichwa akaniona. Akatabasamu na nywele zake zile, na akanipigia mimi. Mpira wa juu, mwepesi, wa kumpigia mtoto.

Ulikuja taratibu mno. Niliona mishono yake. Nilichotakiwa ni kuudaka tu. Ukiudaka unapewa nafasi yako upige bila kuguswa, hata king'ora kiwe kimeshalia. Mita ishirini, katikati kabisa. Yule magpai wa Jumanne angefunga. Nikaona bendera mbili. Nikamwona Bronwyn amesimama. Mikono yangu ikainuka, nami nikaitazama kwa upendo ikienda kudaka.

Ngumi.

Ngumi safi, mojawapo ya nzuri nilizowahi kupiga. Mpira ukaruka juu ya kichwa cha refa, ukapita katikati ya milingoti miwili mirefu, pale pale nilipopaota. Lakini kwa ngumi si goli. Kwa ngumi ni pointi moja. Kidole kimoja. Bendera moja. Kisha king'ora.

Tumeshinda 72 kwa 71. Kijiko ni cha Tarrawonga.

Watu elfu thelathini walikuwa wakijiuliza kama wameona walichoona. Halafu kicheko kikaanzia nyuma ya goli, kikazunguka uwanja, kikageuka kuwa kitu ambacho sijawahi kukisikia kikielekezwa kwangu. Wakanibeba mabegani. Vukic alishika mguu wangu mbovu, akilia kwa kucheka.

"Nimekupa keki, mzee," alikuwa akisema. "Keki! Ukaipiga ngumi!"

Jumapili, 24 Agosti

Ngumi yangu iko ukurasa wa mbele. Mdomo wangu uko wazi pichani.

Mama Dulcie alipiga simu. Alianza na utepe, dakika kumi. Akamalizia kwa kusema hajacheka hivyo tangu mumewe alipofariki, na kwamba hatanisamehe. Kocha Pascoe alinipigia pia, akashukuru, akakata.

Bronwyn alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema sasa nina kitu kilichotokea, na kimetokea kwa mkono ule ule uliozuia mengine yote. Hakuna mshambuliaji duniani ambaye angelifanya lile. Nikalala nikiitazama dari. Mwanga wa asubuhi ulikuwa ukitembea juu yake polepole. Nikamwambia amesema kweli. Niko radhi. Mimi ni beki, nilikuwa beki, nimekwisha kuwa beki. Moyo umetulia kabisa.

Jumatatu, 25 Agosti

Saa tatu asubuhi simu. Mzee Ken Abernethy, mwenyekiti wa klabu ya Warrabilla, huko kwenye mashamba ya ngano, mwendo wa saa nne kwa gari. Wameiona mechi kwenye televisheni ya baa. Wangependa niwachezee mwakani, Jumamosi tu, na chakula cha jioni baada ya mechi.

Nikamwambia nina sharti moja. Nacheza mbele. Kwa maandishi.

Akakohoa. Akasema wao walikuwa wanatafuta beki. Nikasema basi, kwaheri. Akasema subiri, subiri, mbele ni sawa, hata akitakiwa kuniandikia kwa rangi kwenye ghala la ngano ataandika.

Mwakani, basi! Naiona tayari. Ngano pande zote, imeinama kwa upepo. Magari yameegeshwa kuzunguka uwanja, yakipiga honi. Mpira unashuka kutoka kwenye anga kubwa isiyo na wingu, na mimi chini yake, viganja wazi. Goli moja. Huenda mawili.

Nilimweleza Bronwyn haya yote nikiwa nimesimama katikati ya jikoni. Nilimwambia kosa la Jumamosi lilikuwa la uchovu. Nilimwambia mikono hii, kiasili, imeumbwa kupokea. Nikamwonyesha viganja. Alisikiliza hadi mwisho, kwa subira ya kiuuguzi. Akasema vizuri, ila maziwa yamekwisha, na akanirushia funguo za gari.

Funguo tumezikuta bustanini. Fundi wa kioo cha dirisha la jikoni anakuja saa nane.